Mistari ya Chaki Ukutani

Ufagio ndio uliotangulia kuondoka. Asubuhi ya tatu baada ya kutoka hospitali, Fundi aliushika afagie vipande vya nyuzi chini ya cherehani yake, na kabla hajainama vizuri wifi yake alikwisha kumpokonya kama mtu anayempokonya mtoto kisu.

"Wifi, unataka watu waseme nini juu yangu?"

Ikafuata ndoo. Ikafuata sufuria. Likafuata beseni la nguo, kisha kamba ya kuanikia, eti kunyoosha mkono kutamfungua kidonda. Mwezi ulipokwisha, mwanamke aliyewavisha nusu ya mtaa alikuwa amebakiziwa kazi mbili tu: kulala na kupokea pole.

Huyo wifi, dada mkubwa wa mumewe, mtaa mzima ulimwita Katibu. Alikuwa katibu wa kikundi cha mazishi, na tangu apewe cheo hicho hakuwahi kumtazama mgonjwa bila kumpima urefu kwa macho. Ukikohoa mbele yake mara mbili, anakuuliza ndugu zako wa mbali wanapatikana kwa namba gani. Fundi alipokatwa titi la kulia kwa ajili ya kansa, kisha akaanzishiwa dripu za dawa, sita kwa jumla, Katibu alihamishia shughuli zake zote kwa kaka yake. Kitanda akakileta sebuleni, wageni wasipate taabu ya kutafuta chumba.

Haki ya mtu haifichwi. Kwa dripu nne zilizokwisha kupita, Katibu hakukosa hata safari moja. Alibeba chupa ya chai, alibeba shuka la kumfunika Fundi miguu kwenye baridi ile ya wodi, akakaa kwenye benchi kutwa nzima bila kulalamika. Ila alikaa kama anavyokaa mtu msibani, mkono shavuni, na kila aliyepita akiuliza hali alijibu yeye.

"Unaendeleaje, mama?" daktari angemuuliza Fundi.

"Hali chakula, daktari," Katibu angesema. "Halali. Hanyanyuki."

Hilo la kutonyanyuka lilikuwa kweli kabisa. Nani angemruhusu?

Siku ya dripu ya nne, msichana mmoja mwembamba wa viatu vya raba alikuja kitandani. Kazi yake hospitalini ilikuwa mazoezi ya viungo. Alimtazama Fundi, akamtazama Katibu, akamwomba Katibu kwa adabu sana amletee faili kutoka dirisha la mwisho kabisa la jengo la pili. Katibu alipotoka, msichana akavuta kiti.

"Sasa niambie wewe mwenyewe. Unajisikiaje?"

Fundi alishangaa kidogo, kwa sababu sauti yake mwenyewe alikuwa amekwisha kuisahau. "Nimechoka," akasema. "Nimechoka tangu asubuhi mpaka asubuhi. Nalala nimechoka, naamka nimechoka zaidi."

"Na unafanya nini kutwa?"

"Nalala."

Msichana alitikisa kichwa, si kwa kumlaumu. "Mama, uchovu wa dawa si kama uchovu wa kulima. Wa kulima ukilala unaisha. Huu ukiulalia sana, unaangua vifaranga." Akamwelekeza: atembee, hata kama ni dakika tano, asubuhi na jioni, aongeze kidogo kidogo. Asimame mbele ya ukuta, apandishe vidole vya mkono wa upande uliokatwa polepole kama buibui anayepanda, aishie pale panapovuta, asifike panapouma. Siku ya homa au kizunguzungu apumzike na aseme. "Sikwambii utapona kwa kutembea. Nakwambia siku zako zitakuwa zako." Akamwandikia yote kwenye karatasi.

Karatasi hiyo Katibu aliisoma kwenye gari wakirudi. "Vitoto vya siku hizi. Mgonjwa atembee. Anakwenda wapi?" Walipofika nyumbani aliikunja mara nne akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza. Meza ikatulia. Hiyo ndiyo ilikuwa faida pekee Katibu aliyoiona katika elimu.

"Mgonjwa haulizwi uji," alipenda kusema, na uji aliupika mwingi. Fundi aliunywa, kwa sababu uliopikwa kwa mkono wa mtu si wa kumwaga. Lakini methali ile alianza kuichukia. Mgonjwa haulizwi uji, haya. Haulizwi na dirisha? Haulizwi na miguu yake?

Pembeni mwa sebule, cherehani ilikuwa ikimtazama. Ilikuwa cherehani ya miguu, ya chuma kizito, kanyagio lake limelika upande mmoja kwa miaka ishirini na miwili ya mguu wake. Juu ya cherehani, kupita kidogo urefu wa mtu, palikuwa na rafu ya nyuzi. Zamani alizifikia bila kutazama. Sasa mkono wa kulia ukipita bega, kwapa linavuta kama nguo iliyobana.

Alasiri moja alikaa ashone foronya iliyochanika. Kesho yake alikuta mkanda hakuna, ule mkanda wa ngozi unaounganisha gurudumu la chini na lile la juu. Bila mkanda, sindano haitembei.

"Nimeuhifadhi," Katibu alisema. "Ukipona nitakupa."

Alilitamka hilo "ukipona" kama mtu anayemwahidi mtoto mwezi.

Fundi hakugomba. Alingoja Katibu atoke, akakaa pale pale kwenye kiti chake, kwa hasira tu na kwa mazoea, akaweka miguu kwenye kanyagio. Kanyagio likashuka. Likapanda. Gurudumu la chini likazunguka jepesi, bila mzigo, bila hata kelele ya kumwamsha paka. Akatulia akalisikiliza. Ndipo alipocheka, mara ya kwanza tangu akatwe.

Katibu aliyajua magauni kwa kuvalishwa. Alidhani amemnyima Fundi cherehani, kumbe amempunguzia uzito tu.

Basi Fundi akaanza kushona hewani. Siku ya kwanza alishona leso: pande nne, kisha akahema na kulala. Siku ya tatu alishona foronya. Mwisho wa juma alimaliza mkono mmoja wa blauzi na kola yake. Hakuhesabu dakika, maana dakika ni za watu wa saa; yeye alijua pindo la sketi linachukua mikanyago mingapi. Jasho likimtoka, alijifuta na kuona kwamba uchovu huu mpya haukufanana na ule mwingine. Huu ulikuwa na mlango wa kutokea.

Na kila alipomaliza, alisimama mbele ya ukuta ulio kando ya cherehani, akapandisha vidole kama alivyoelekezwa. Pale kidole cha kati kilipokomea, alichora mstari mfupi kwa chaki ya kukatia nguo. Kesho yake juu kidogo. Siku nyingine pale pale. Siku moja chini. Mistari ikapanda taratibu kuelekea rafu ya nyuzi.

Kutembea ndiko kulikuwa na kazi, kwa kuwa Katibu alilinda mlango. Bahati nzuri, kama inafaa kuitwa bahati, watu walikuwa wakifa. Kikundi cha mazishi kikiitwa, Katibu anaondoka na daftari lake mpaka jioni, na hapo Fundi anatoka na kitambaa chake kichwani, nywele zote zimekwenda na dawa, anafuata ukuta wa jirani mpaka kwenye kona. Alimwomba Mungu amsamehe, maana alianza kuzisubiri habari za misiba kama watu wanavyosubiri barua.

Mara ya kwanza hakufika kona. Miguu ilimwisha katikati, akasimama ameshika ukuta, akarudi. Mara ya pili, pale pale alipokuwa ameshindwa, alikuta kopo kubwa la rangi limegeuzwa chini juu, limefutwa vumbi, na juu yake limetandikwa gunia lililokunjwa. Alikaa. Alipokwisha pumua akaendelea mpaka kwenye kona. Hakuna aliyemwambia kopo limetoka wapi, naye hakuuliza. Mtaani mwenye makopo ya rangi alikuwa mmoja tu.

Mumewe alikuwa mpaka rangi wa majumba, na watu walimwita Brashi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mbele ya dada yake hata hayo machache yalikimbia. Amelelewa na Katibu tangu mama yao afe. Katibu akisema kaa, makalio yake yalikaa kabla akili haijaamua. Fundi alikwisha kumsamehe udhaifu huo kitambo. Mtu hufanya wema kwa kiungo alichonacho, na Brashi alikuwa na mikono.

Mambo yaliharibika Jumatano. Katibu alirudi mapema, maiti wa siku hiyo akiwa amegombaniwa na ukoo mwingine, akaingia sebuleni na kuiona ile mistari. Fundi alikuwa amelala. Katibu akasogea. Akahesabu kwa kidole: kumi na tisa. Akashika kifua.

"Kaka," alimwambia Brashi uani, kwa ile sauti ya kunong'ona inayosikika nyumba ya tatu, "mkeo anahesabu siku."

"Siku gani?"

"Zilizobaki. Nimewaona wengi. Mtu akijua anakwenda, anaanza kuchora." Akalia kweli, machozi ya haki, akajifuta, na papo hapo akaanza kupanga. "Jumamosi tukae kikao. Baba Mdogo aje. Ile cherehani apewe binti yangu mapema, kusije kukawa na maneno baadaye. Tena inakula nafasi, watu watakaa wapi? Na wewe upake ukuta ule, wageni wasiione hiyo mistari."

Fundi alisikia yote, amefumba macho. Kuitwa maiti hakukumuumiza sana, alikwisha kuzoea. Cherehani ndiyo iliyomuuma. Ikitoka mlangoni Jumamosi, miguu yake itakanyaga nini? Atashonea wapi hewani? Angebaki kitanda na uji, na siku zake zingekuwa za Katibu mpaka ya mwisho.

Ijumaa Brashi alichanganya rangi ya maji, ile isiyo na harufu, kwa kuwa harufu zilimtapisha mkewe. Akamhamishia kiti uani.

"Dada kasema nipake," akasema bila kumtazama.

"Paka."

"Napaka ukuta."

"Nimesikia."

Akapaka kutwa. Jioni akaosha brashi zake, akaenda kulala. Fundi naye alilala mapema, taa imezimwa. Hakutaka kuuona ukuta huo.

Jumamosi saa tisa wakafika. Baba Mdogo, mdogo wa marehemu baba yao, aliingia kwa koti lake la kijivu analolivaa hata wakati wa joto, akakalia kiti chenye mgongo. Binti wa Katibu akakaa kwenye mkeka akichezea simu. Nje ya lango, mwenye mkokoteni alikuwa amekwisha kuitwa. Katibu alikuwa ameleta pia bunda la mikeka ya kikundi akaliegemeza koridoni, eti isije ikahitajika ghafla.

"Baba Mdogo, sina maneno mengi," Katibu akaanza, na hapo yakafuata mengi. Kuhusu mapenzi ya Mungu. Kuhusu alivyojitoa. "Na mwenyewe kajua, Baba Mdogo. Kaanza kuhesabu siku hapo uku..."

Akanyoosha kidole, kikabaki hewani.

Ukuta wote ulikuwa umepakwa rangi ya maziwa, safi, sawasawa kama karatasi. Isipokuwa ukanda mmoja wa upana wa viganja viwili, kutoka usawa wa kiuno mpaka kwenye rafu. Kingo zake zilikuwa zimenyooka kama zimekatwa kwa rula. Ndani yake, mistari ishirini na moja ya chaki.

Baba Mdogo akainamisha miwani. "Hapo rangi iliisha?"

"Haikuisha," Brashi akasema.

"Ulisahau?"

"Sikusahau, Baba Mdogo." Jasho lilikuwa likimtoka. "Dada, mtu akihesabu siku anachora moja kando ya nyingine. Hii inapanda."

"Inapanda kwenda wapi?" Baba Mdogo akauliza.

"Kwenye nyuzi," Fundi akasema kutoka kitandani.

Wote wakageuka. Katika vikao vyote vilivyokaliwa juu yake, hakuna aliyekumbuka kwamba anasikia.

"Wifi, usijichoshe na maneno," Katibu akasema haraka. "Binti, hebu kaa pale, Baba Mdogo akuone."

Binti akavuta kiti cha cherehani. "Ina mkanda?"

Katibu akakohoa. Macho ya Brashi yakaenda koridoni, ya Baba Mdogo yakayafuata. Bunda la mikeka lilikuwa limefungwa kwa ukanda wa ngozi, mafundo mawili.

"Nilikosa kamba," Katibu akasema.

"Mkanda wa fundi," Baba Mdogo akasema polepole, "umefungia mikeka ya kumlilia fundi." Alikuwa mzee asiyecheka, lakini koti lilitikisika.

Brashi akaufungua, akauleta, akaupachika kwenye magurudumu. Binti akaikanyaga cherehani. Gurudumu likazunguka kinyume, kama linavyomzungukia kila asiyelijua, uzi ukajiviringisha ukakatika. Akajaribu tena. Mara ya nne alikuwa akihema, mkono kiunoni.

"Mama, mguu unawaka. Hii ni cherehani au adhabu?"

"Utazoea."

"Sizoei. Mimi nilitaka ya umeme."

Fundi alikuwa amekwisha kushusha miguu. Alisimama akiwa ameshika ubao wa kitanda, akangoja kizunguzungu kipite, hakikuwa kikubwa, akatembea zile hatua saba mpaka kwenye kiti. Binti akampisha, tena kwa furaha.

"Baba Mdogo, mfuko wa koti lako bado una tundu?"

Tundu lile lilijulikana. Mara mbili lilikuwa limemeza ufunguo wake, akalala kwa jirani. Mzee akavua koti, akampa kwa mikono miwili.

Fundi akauvua mkanda, akaunyoosha kwa vidole, ulikuwa umepinda kwenye mafundo, akaupitisha upya kwenye magurudumu na kuubana kwa kibanio chake cha waya. Kisha akautazama uzi wa kijivu kule juu ya rafu. Brashi akanyanyuka.

"Kaa," Fundi akamwambia.

Akaegemeza vidole kwenye ukanda usiopakwa. Vikapanda mstari kwa mstari. Wa kumi na tano ukamvuta. Wa kumi na nane akasimama akapumua. Akaupita wa ishirini na moja, akainuka kwa vidole vya miguu, ncha ya kidole cha kati ikaugusa uzi. Hakuushika. Uliyumba, ukadondoka, ukabingirika mpaka kwenye kiatu cha Baba Mdogo. Mzee akainama mwenyewe akauokota.

"Umeufikia," akasema.

Fundi akashona. Mkono wa kulia ulichelewa kusukuma kitambaa, mshono ukapinda mahali pamoja. Siku za nyuma angeufumua. Ila miguu haikukosea hata mara moja. Miguu ile ilikuwa imeshona hewani magauni matatu na sare za shule za darasa zima. Alipomaliza akakata uzi kwa meno, kama zamani, akampa mzee koti lake. Baba Mdogo akatumbukiza ufunguo mfukoni. Akapapasa kwa chini. Akangoja. Haukutoka.

"Mwambieni mwenye mkokoteni aende," akasema. "Kikao kimekwisha."

Msidhani Katibu aliaibika. Aibu inahitaji mahali pa kukaa. Jioni ile ile alikuwa dukani akieleza jinsi alivyomtunza wifi yake mpaka kanyanyuka, na kwamba siri ni uji. Na Jumapili alipofika akamkuta Fundi hoi kitandani, macho yamezama, hata chai hataki, alisimama mlangoni akatikisa kichwa kwa utamu. "Nilisema mimi. Si nilisema?"

Fundi akageukia ukutani. Alilala mpaka alasiri, kwa kuwa mwili ulidai, na mwili ukidai kwa haki unalipwa. Kisha akaamka, akakaa kwenye cherehani.

"Leo nini?" Brashi akauliza.

"Leo leso tu."

Brashi akamvulia mkanda ili gurudumu liwe jepesi, akautundika kwenye msumari mpya aliokuwa ameupigilia usawa wa mstari wa kumi. Hakuupigilia chini. Hakuupigilia juu.

Siku ya dripu ya tano, Katibu alikuja kama kawaida na chupa ya chai na shuka, na pale kwenye lango la hospitali akatangulia mbio akarudi na kiti cha magurudumu. Koridoni walikutana na yule msichana wa viatu vya raba.

"Mama, unaendeleaje?"

"Hali ch..." Katibu akaanza.

"Wifi," Fundi akasema, "nimeulizwa mimi."

Hakupandisha sauti. Akamweleza msichana yote, la kushona hewani, la mistari, la Jumapili aliyolala, la siku mbili alizotapika. Msichana aliandika, akacheka pale pa kuchekea, akauliza foronya moja ni dakika ngapi.

Korido ile mpaka wodini ni ndefu, ina madirisha kumi na mawili. Fundi akachukua chupa ya chai kutoka mikononi mwa Katibu, akaiweka kwenye kiti cha magurudumu, akaweka na shuka juu yake, akaanza kutembea akipumzika kila dirisha la tatu. Nyuma yake, umbali wa heshima, Katibu alisukuma kiti, akiifunika chupa vizuri na shuka isipate baridi, akimpa kila aliyepita uso wa msiba. Watu walitazama ndani ya kiti, wakaona chupa, wakampa pole.